Ng'ombe wa Jubilei

Ng'ombe alipitishwa katikati ya kwaya akiwa na shada la maua shingoni, na Margwe akasahau ubeti.

Alikuwa amesimama na mahujaji wenzake wa Masieda chini ya mnara wa kengele wa misheni ya kale, juu kabisa mlimani. Walikuwa wameshuka kwenye Fuso sasa hivi, vumbi bado limejaa kwenye kope. Wimbo ulipokwisha, katekista akaanza kuwasimulia jinsi kengele ile ilivyopandishwa huko juu kwa mabega ya babu zao. Margwe hakusikia kitu, macho yote yalikuwa kwa ng'ombe. Mwekundu, pembe moja imepinda chini, doa jeupe pajani. Wake! Na aliyeshika kamba, anachekelea meno yote nje, alikuwa Vitalis wa Balangdalalu, mtu aliyempa amtunzie.

Huko kwao mwenye akili hafugi mali yake yote nyumbani. Ng'ombe mmoja anamweka kwa rafiki huyu, mwingine kwa rafiki yule, mbali. Rafiki anakunywa maziwa na kufunga mdomo. Margwe alikuwa bingwa wa mambo hayo. Kwake utakuta mbuzi wenye kikohozi, basi. Padri Baltazar alipozunguka wilaya zote mbili, ya kwao na ya akina Vitalis, kuhubiri kwamba kila mwenye ng'ombe atoe mmoja kwa ajili ya jubilei, Margwe alisimama kanisani akageuza mifuko nje. Watu walimwonea huruma, hata nauli ya leo wakamlipia.

Sasa aseme nini? Kwamba huyo ni wake? Mbele ya hao hao waliomlipia nauli? Thubutu!

Ng'ombe akapelekwa nyuma ya kanisa, kwenye masufuria. Margwe akamfuata mbio, akapita makaburi ya wamisionari bila hata ishara ya msalaba. Mama Bernadina, mpishi mkuu, alikuwa anajaribu makali ya visu kwa kidole gumba.

"Mama, huyu asichinjwe. Ana mimba."

"Umejuaje? Kwani ni wako?"

"Mimi? Mimi sina hata kuku!"

"Basi nenda kasali, baba. Huku tuachie sisi."

Margwe akajifanya anafunga kiatu, akamnong'oneza ng'ombe jina lake. Ng'ombe akamtazama kama diwani anavyomtazama mpiga kura baada ya uchaguzi, akaendelea kucheua. Iliuma, asikwambie mtu. Ni kweli hakuwa amekwenda kumwona tangu mvua za mwaka juzi, maana ng'ombe wa siri ukimtembelea si wa siri tena. Lakini kusahauliwa namna hii, jamani!

Ndipo wazo likamjia, tena zuri mpaka akacheka peke yake. Maungamo! Padri hatoi siri ya kitubio hata umkate kichwa. Akarudi kanisani, akawapita akina mama waliopanga foleni, akisema ana dhambi ya haraka, akapiga magoti kwa Padri Baltazar mwenyewe.

Akamwaga yote. Ng'ombe wa kule Gehandu, ng'ombe wa kwa shemeji, uongo wa mifukoni, nauli, na yule mwekundu aliyeko jikoni.

"Mwokoe, Baba. Wewe nenda tu useme asichinjwe. Usinitaje."

Nyuma ya wavu kiti cha padri kikalia. Halafu sauti ikatoka, nyembamba.

"Yule mwekundu? Mwenye pembe iliyopinda?"

"Huyo huyo."

"Ni wako? Una hakika, mwanangu?"

"Namjua kama ninavyoijua Baba Yetu."

Padri akashusha pumzi ndefu. "Siwezi. Nikienda jikoni wataniuliza nimejuaje. Nitawajibu nini? Siri ni siri."

"Sasa tufanyeje?"

"Tumtolee Mungu tu." Sauti ilimtetemeka, na Margwe akaguswa sana, hakujua kwamba padri yule mkali ana moyo kiasi hicho. Baada ya kupenga kamasi, padri akaendelea. "Malipizi yako: utatafuta mtamba mmoja mzuri, utamleta kwangu. Si parokiani, kwangu. Usiku usiku, na usimwambie mtu."

Mwekundu anakwenda, na mwingine tena juu yake! Margwe alitaka kubisha, lakini akaufikiria moto wa milele, akaitika amina.

Mchana nyama ikaja. Margwe akala huku machozi yanamtoka, na aibu zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Vitalis akaja na sahani yake, akakaa karibu.

"Shikamoo, mzee Margwe."

"Shikamoo ya nini, mwizi mkubwa we!" Margwe alimnong'oneza kwa hasira. "Umenichinjia ng'ombe wangu!"

"Wako?" Vitalis akashangaa. "Wako yuko nyumbani, mzee. Amezaa juzi, ndama jike."

Margwe akaacha kutafuna.

"Kamati walikuja wakakuta zizi limejaa, wakasema toa mmoja. Ningewaambia nini? Kwamba hakuna hata mmoja aliye wangu? Siri za watu hizo! Nikamtoa mwingine, amefanana na wako kila kitu mpaka pembe."

"Huyo alikuwa wa nani?"

Vitalis akalamba vidole, akaelekeza mdomo kwenye meza kuu. Mapadri walikuwa wanakula na kucheka, isipokuwa mmoja, aliyekuwa anaitazama sahani yake ya nyama bila kuigusa.

"Wa yule aliyetuhubiria tutoe."