Mlango Wangu wa Maktaba

Maktaba ya mtaa wetu ilikarabatiwa kwa hatifungani za wakazi, na siku hizi kila anayenunua hatifungani huandikiwa kipande halisi cha jengo. Jirani zangu waliandikiwa kuta, paa na madirisha. Mimi niliandikiwa mlango, nao haufunguki bila kiganja changu. Kwa hiyo kila asubuhi naanza na mlango, chai baadaye.

"Ile kampuni inayotaka kiwanja imeshanunua vipande vingine vyote, Mama Sihaba," mume wangu aliniambia jana. "Umebaki peke yako. Uza tupumzike."

"Kama umechoka, kalale."

Leo nimefika nikakuta mlango umesimama peke yake kwenye fremu. Kuta hazipo, paa halipo, rafu zinapigwa jua. Kijana wa kampuni alinisogelea kwa adabu.

"Shikamoo mama. Hapo hakuna tena cha kufungua."

"Marahaba. Huo mlango ni wa nani?"

"Wako, mama."

"Basi nipishe."

Nikaweka kiganja, ukafunguka. Watu walikuwa wameshafika na vitabu walivyoazima. Kulia na kushoto palikuwa wazi, wangeweza kuzunguka tu. Hakuna aliyezunguka. Walivua viatu kizingitini kama siku zote.

"Hodi," alisema wa kwanza.

"Karibu." Nikamgeukia yule kijana. "Na wewe ukitaka kuingia, vua viatu."

Hakuvua. Alikuwa akikitazama kiganja changu, kitu pekee ambacho kampuni yake ilikuwa haijakinunua. Nikamnyooshea, akione vizuri.