Sauti ya Mlima Kitonga

Siku hizo barabara kuu zilitunza sauti. Neno lililosemwa kwenye redio koli lilibaki palepale, na kila dereva aliyepita hapo alilisikia. Ndiyo maana Sekela, dereva wa lori la Tunduma, kila akipanda Kitonga alimsikia marehemu mumewe akiwaonya wenzake: "Kona kali, jamani, shikeni gia ndogo." Alizoea kumwitikia, ingawa kila mtu alijua kwamba sauti hizo hazisikii.

Siku moja alisafiri na binti yake Tusajigwe, aliyezaliwa baba akiwa keshazikwa. Walipofika mlimani sauti ikatoka, "Kona kali, jamani," na binti akaangua kicheko cha furaha.

"Mama, kumbe ndivyo alivyokuwa akiongea!"

Redio ikanyamaza ghafla.

"Sekela," ikasema, "nani huyo anayecheka?"

Sekela alisimamisha lori pembeni. Akabonyeza kitufe. "Ni mwanao, mume wangu."

"Mpe nimsikie."

Tusajigwe alikipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu kwa upole. "Mnakuja lini?"