Bahari ya Sebuleni

Ilibidi mlango ung'olewe bawaba ndipo bahari iingie sebuleni.

Mafundi wawili waliibeba kiubavu huku wakihema. Ilikuwa picha ya kujaza ukuta mzima: maji ya buluu, mawimbi mepesi, na ufuo mweupe uliokwenda mpaka macho yakachoka.

"Hapa hapa," mke aliwaelekeza, "mkabala na kiti cha baba. Yeye ndiye mgonjwa wetu."

Mke alikuwa muuguzi. Wodini kwake walikuwa na picha kama hiyo, ndogo kuliko hii, na alisema wagonjwa hutulia kwa kuitazama tu. Mumewe, mpima ardhi, alikuwa na presha isiyosikia dawa, na daktari alikuwa amemsihi apumzishe akili. Basi mke akamletea bahari nyumbani.

"Kesho usije ukasema sikukujali," alimwambia, akimkalisha kitini.

Mume akacheka, akaegemea, akatazama. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Chini, pembeni kulia, walisimama watu wawili, urefu wao kama kidole gumba. Mwanamume mwenye shati la mistari alikuwa amemshika kiuno mwanamke mwenye mwavuli wa manjano, nyuso zao zimekaribiana. Shati lile lilikuwa lake. Na ufuo ule aliujua, ingawa safari ile aliaga kwamba anakwenda kupima mashamba milimani.

Mwenye mwavuli alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimsuka, alimsomesha, alimgombeza. Hata mwavuli ule alimnunulia yeye.

Mke alimfunga mumewe mkanda wa mashine ya presha mkononi, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Imepanda. Ipe bahari muda, mume wangu. Itazame tu."

Mume akaipa muda, na kila jioni presha ikazidi kupanda. Alisogeza chungu kikubwa cha maua kikaziba ile pembe. Asubuhi akakikuta dirishani. "Maua yanataka jua," mke alisema. Akapendekeza picha ihamishiwe chumba cha wageni, nao waifaidi. "Wageni wana presha?" mke akauliza, wakacheka wote wawili.

Siku moja, akiwa anakunja nguo, mke aliuliza, "Hivi lile shati lako la mistari liko wapi? Silioni siku hizi."

"Lilichanika. Nikalifanya kitambaa cha kufutia gari."

"Masikini. Lilikuwa linakupendeza."

Jumapili Kitinda alikuja kuzungumzia harusi yake, maana alikuwa anaolewa mwezi uliofuata na mwalimu mmoja mpole, mtu wa watu. Aliingia na vicheko vyake, akapokea chai, akainua macho ukutani. Kikombe kikagonga kisahani.

"Mbona hunywi, mdogo wangu?" dada yake alimuuliza. "Kaa vizuri uitazame. Inatuliza ajabu."

Kitinda alisema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla chai haijapoa. Jioni ile alimpigia shemeji yake simu, akinong'ona.

"Shemeji, dada amejua?"

"Angejua angenyamaza? Dada yako hana kifua. Siri haimlali tumboni hata usiku mmoja. Ni bahati mbaya tu, mpiga picha alikuwa ufuoni siku ile."

"Basi nenda kwake atufute. Akija mchumba wangu akaona, nimekwisha."

Kesho yake mume aliaga kama anayekwenda kazini, akanyoosha hadi studio. Mpiga picha alikuwa mzee mchangamfu, mikono imejaa wino, bahari zimemzunguka kila upande. Mume akamweleza shida yake kwa sauti ya mtu asiyejali: picha ni nzuri, ila kuna watu wawili pembeni wanaharibu utulivu. Je, anaweza kutengeneza nyingine isiyo na watu, waibadilishe mke akiwa kazini? Iwe siri, alisema. Iwe kama zawadi ya kumshtukiza.

Mpiga picha akavua miwani.

"Bwana mkubwa, mbona mnanichanganya? Mimi watu huwa nawafuta siku zote. Nani anataka kutundika watu asiowajua sebuleni? Hao wako pia nilikuwa nimeshawafuta. Mama ndiye aliyekuja hapa, akaona ile ya kwanza, yenye watu, kwenye kompyuta, akasimama akiitazama mpaka nikamletea kiti. Halafu akaniambia niwarudishe. Akasema bila wao hataichukua."

Mume akashika ukingo wa meza.

"Na si hiyo yenu tu," mzee aliendelea, akitafuta kitambaa cha kufutia miwani. "Aliagiza mbili. Ya pili nimeipeleka jana kwa yule mwalimu anayemwoa mdogo wake, iwe zawadi ya harusi, itundikwe chumbani kwao. Na bwana harusi kaipenda, usiseme! Kanipigia asubuhi hii hii. Anasema wale wapenzi wamemgusa moyo, niwakuze wawe ukubwa wa mtu, awaone vizuri sura zao."