Mshale wa Kijani

Shemeji alipoinua ngumi, programu ilikwisha kujua itatua wapi.

Kwenye skrini, mshale wa kijani uliitangulia, ukaishia kwenye taya la dada. Ngumi ikafuata, ikatua palepale.

Mhandisi wa programu hiyo, aliyekuwa akitazama kutoka ofisini, aliruka, kiti kikaanguka. Kazi yake ilikuwa kupunguza ukubwa wa video: programu ikibahatisha vizuri kitakachosogea, hakuna haja ya kukihifadhi upya. Kijani ni kupatia, nyekundu ni kukosea. Miezi mitatu alikuwa akiilisha picha za kamera aliyoifunga sebuleni kwa dada yake, bila kuziangalia hata siku moja. Leo ndiyo kwanza anatazama, moja kwa moja, na programu inaujua mkono ule kama inavyolijua pangaboi linalozunguka darini kutwa.

Damu ilimtoka dada puani, ikadondokea shati alilokuwa akilipiga pasi.

Ngumi ikapanda tena. Programu ikachora mikono ya dada ikikinga uso, kama siku zote.

Mikono haikwenda huko. Nyekundu ikalipuka pembeni mwa meza. Dada alikuwa ameikamata pasi, ya moto vilevile, akamshushia mumewe usoni mara moja, mara ya pili, mara ya tano, mpaka shemeji akalala chini, hana mshale hata mmoja.

Simu ikaita.

"Mdogo wangu," dada alihema, "ile kamera yako inarekodi hata sasa?"

"Hapana, dada."

Mhandisi akaifuta video ya leo. Zile za miezi mitatu akazihifadhi mara mbili.