Vijana wa Mzee Keraryo

Hilda, jirani yake Gati, anaapa kwamba Clementi, yule mwandishi wa riwaya za mashujaa, alilala siku tatu kwenye makaburi ya zamani huku Butiama, mizimu ikamsomea kitabu neno kwa neno. "Makaburi yanaongeaga," anasema. Habari hiyo ameifikisha mpaka Bunda, pale Kabasa, na kila akiisimulia kaburi linaongezeka.

Gati humwacha aseme. Yeye ndiye aliyekuwepo. Siku zote tatu Clementi alikaa kwenye kigoda cha babu yake Gati, mzee Keraryo, akinywa uji. Babu alisimulia kwa lugha ya nyumbani, Gati akatafsiri. Alipotaka kuongeza lake, Clementi alimkatiza kwa upole.

"Dada, wewe uliishia la saba. Tafsiri tu, ufafanuzi niachie mimi."

Basi akatafsiri tu. Babu aliwaita "vijana wangu", naye Gati akasema "vijana wangu". Radi, aliyevuka mto na mkuki ubavuni. Mvunja-Boma, ambaye wezi tisa hawakumweza mpaka walipomfunga kamba. Kipaji, mweusi tii ila doa jeupe kwenye paji, aliyepambana na fisi watatu akawatawanya. Babu alilia. Clementi naye akalia, huku akiandika.

Kitabu kilizinduliwa Musoma kwa matarumbeta. Mashujaa wake walivaa kofia za pembe, na mgeni rasmi akaeleza kwa kirefu kuwa pembe zile ni ishara ya ukombozi. Clementi, aliyezoeleka kwa mfululizo wa vitabu kumi na moja, safari hii aliapa mbele ya watu: kitabu kimoja tu, hakina sehemu ya pili. Kwenye ukurasa wa mwisho aliwaua wote.

Wasomaji walimjia juu. Mchapishaji akampa mwezi mmoja: alete sehemu ya pili, la sivyo waachane.

Ndiyo maana Jumamosi hii alirudi kwa mzee Keraryo, amekonda, kalamu mkononi. Babu alikuwa ameshaambiwa kwamba mtu aliyewaweka vijana wake kitabuni anakuja, akasema mgeni wa namna hiyo hapokelewi kwa kuku. Chakula kilipoandaliwa, alikaa pembeni. Nyama hakuigusa.

Clementi alimaliza bakuli la pili, akausifia mchuzi, akafuta midomo.

"Nimepekua daftari langu," alimwambia Gati. "Wote walikufa, ila mzee alisema Kipaji bado yu hai. Akiwepo huyo, riwaya inaendelea, nami nimepona. Nakuomba, dada yangu, nipeleke nikamwone, hata kwa dakika tano."

Gati alitazama uani, kwenye ngozi nyeusi ya fahali iliyowambwa juani, ina doa jeupe pale penye paji. Kisha akalitazama bakuli.