Mbwa wa Pili Abaki

Saa kumi na dakika tano alasiri, mkaguzi wa mizani alikuwa ameketi katikati ya sebule yake, amefungwa kitambaa cheusi machoni na kuvaa glavu nene za jikoni. Hakutekwa na mtu. Alijifunga mwenyewe, kisha akamwambia mkewe akaze fundo.

"Likilegea hata kidogo, jaribio limeharibika."

"Limekaza, mwenzangu. Ukizirai usinilaumu."

Jaribio lilikuwa la kuamua nani aingie katika nyumba ile. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa anahamia kikazi ng'ambo na alikuwa anawatafutia makao mbwa wake watatu, wale wafupi wa miguu na warefu wa kiwiliwili, kama benchi. Walikuwa wa ukoo mmoja ila manyoya mbalimbali: Laini, mwenye manyoya mafupi yanayong'aa, Singa, mwenye manyoya marefu ya kuteleza, na Brashi, ambaye manyoya yake magumu yalisimama hata akilala. Mkaguzi alikubali kumchukua mmoja, na huyo mmoja awe Singa.

Binti yake alimtaka Laini. Ndiye aliyemnywesha maziwa kwa kijiko alipokuwa hajafungua macho, na tangu baba yake aseme hapana, binti alikuwa anakula jikoni peke yake. Laini asipopata mtu, angepelekwa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe.

"Si chuki, ni elimu," mkaguzi alikuwa amewaambia. "Mwenye manyoya mafupi ni mkaidi. Mwenye manyoya marefu ni mpole. Mwenye manyoya magumu ni mchekeshaji, tena mwizi. Nimesoma."

"Milimita umeanza," alisema shemeji. Jina hilo alimpa siku ya harusi, alipomwona akipima keki kwa rula. "Ukifungwa macho unaweza kuwatofautisha?"

"Kwa tabia peke yake."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea hata mmoja, binti atachagua. Nikipatia, mjadala umefungwa."

Masharti aliyaweka yeye. Asiwaone wakishuka garini. Avae glavu na buti, manyoya yasimguse. Waingie mmoja mmoja, na mtu asiwaite kwa majina. Kazini kwake alikuwa amekamata mizani zilizochezewa kwa sumaku, kwa nta, hata kwa kidole gumba; hakuona mwanya aliouacha wazi.

Wa kwanza aliingia. Kucha ziligonga sakafu, zikasimama mlangoni.

"Njoo."

Hakuja. Mkaguzi aliita tena. Mbwa akabweka mara moja, akajipenyeza chini ya kochi, akawa ananguruma humo kama friji kuukuu.

"Laini," mkaguzi alisema bila kusita. "Mnaona? Hata siku ya kuamuliwa maisha yake hajirekebishi. Mtoeni."

Binti alikohoa.

Wa pili alichelewa. Mkaguzi alisikia geti likifunguliwa, kisha viatu vya binti yake vikikimbia kuizunguka nyumba, vikaizunguka tena. Halafu jikoni bakuli la maji likalambwa kwa fujo.

"Mbona mnachelewa?"

"Vuta subira, Milimita. Hawa si mizani."

Hatimaye kucha zilikuja polepole. Mbwa alikuwa anahema. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye buti, akajibwaga, akalaza kidevu juu yake na kushusha pumzi ndefu. Mkaguzi hakuutegemea uzito ule mdogo. Alikaa bila kusogeza mguu, muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji.

"Singa," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu abaki. Huyu ndiye wa nyumba hii."

"Una hakika?" mkewe aliuliza.

"Nagonga muhuri."

"Lakini Baba," binti alisema, "mbwa si anaweza kubadilika? Akichoka, kwa mfano. Au akishiba."

"Watu ndio hubadilika, mwanangu. Manyoya hayabadiliki."

Kabla ya wa tatu, harufu ya nyama ya kukaanga ilipita sebuleni. Halafu akaingia kwa kasi, akateleza, akagonga meza, akakizunguka kiti na kuruka juu. Meno yalikamata ncha ya glavu ya kulia na kuing'oa, na mwizi akatimka nayo akiitikisa. Upande wa dirishani shemeji alikuwa anajibana mbavu asicheke.

"Brashi! Mwizi, mchekeshaji, kama ilivyoandikwa. Watatu kwa watatu."

"Kwa hiyo wa pili anabaki," mkewe alisema. "Umesema mbele yetu sote."

"Nimesema, na sirudi nyuma."

Alifungua fundo, akapepesa macho. Binti yake alikuwa amekaa sakafuni, amempakata mbwa mwenye glavu mdomoni. Manyoya ya mbwa huyo yalikuwa mafupi, yakimeta kama kiatu kilichopigwa rangi.

"Huyo ni Laini," mkaguzi alisema. "Glavu kaichukua Brashi. Brashi yuko wapi? Na Singa?"

Shemeji alijifuta machozi kwa kiganja. "Walishapata wenyewe wapya, Shemeji. Waliondoka jana."

Laini aliiacha glavu, akaja polepole, akalaza kidevu juu ya buti.