Sura ya Mume wa Bi Nasma

Haya, nitegulieni hiki: nyumba imejaa watu, wote wananitazama, nikiwapa salamu hakuna anayeitikia.

Makaburini? Wa makaburini hawatazami. Mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa Pangani? Basi nimefika Pangani, nimekula kamba wa nazi, nimelala, nimerudi. Jibu lake ni chumba cha Luqmani, mchora sura za watu, pale Nguvumali.

Ukutani kulijaa nyuso, na nyuso hizo ndizo zilizomkosesha raha. Zote zilikataliwa na wenyewe. Mzee Kombo aliitazama yake akauliza, "Nani huyu aliyevaa koti langu?" Benedikta peke yake aliichukua ya kwake, akaitundika sebuleni, akawaambia wageni ni shangazi yake.

Luqmani akajiapiza. Atachora mmoja tu tena. Asipotokea mtu wa kuitazama picha yake na kusema "ndiye", brashi anaziweka chini, anakwenda Kigombe kwa shemeji yake kuanika dagaa.

Asubuhi hiyo akaingia Bi Nasma, mwanamke wa makamo, hatua zake za mtu anayekwenda kudai haki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nichoree mume wangu."

"Picha yake umekuja nayo?"

"Sina."

"Hata ya kitambulisho?"

"Hata hiyo. Yumo humu," akajigusa paji la uso.

Luqmani akashusha sauti. Aliona hina mbichi vidoleni na kanga mpya, akasema moyoni eda imekwisha. "Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Jua la leo halina adabu."

"Mmeishi naye miaka mingapi?"

"Anza na pua," akasema Bi Nasma.

Pua aliieleza kwa mikono, Luqmani akachora, akafuta, akachora, akafuta. Mwisho Bi Nasma akachungulia mlangoni, akamwona muuza kahawa anapita na birika lake. "Pua ile pale. Lakini asikorome nayo."

Muuza kahawa akaitwa, akakalishwa kwenye kigoda. Jirani wa Luqmani, Leticia, fundi cherehani, alikuja kuona kuna nini. Alipoambiwa, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Jamani mapenzi," akamnong'oneza Luqmani. "Hata sasa bado anamkataza kukoroma."

Habari ikavuka barabara. Tadeo, fundi baiskeli, akaja na mafuta ya mnyororo mikononi. "Mimi nimesikia mnatafuta masikio. Kama yatamfaa marehemu, haya hapa."

Bi Nasma hakumsikia, alikuwa ameshamshika kichwa anakigeuza upande upande. "Masikio sawa. Mapana, atanisikia nikimwita toka uani. Meno pia mazuri, ila wewe unacheka ovyo. Yake yafungie mdomoni," akamgeukia Luqmani.

"Alikuwa mkali, dada?" Leticia akauliza.

"Athubutu."

Kufika adhuhuri benchi la nje lilijaa wanaume, kila mmoja ametulia kama yuko matangani, anangoja kuitwa atoe shavu au kidevu. Mzee mmoja akainua mikono. "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema."

"Amina," akaitikia Bi Nasma. "Na alale mapema."

Wanaume wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa huzuni. Uchungu humfanya mtu aseme lolote.

Luqmani jasho lilimtiririka hadi kwenye rangi. Pua ya mtu mmoja haikutaka kukaa juu ya mdomo wa mwingine. Akiweka kidevu, masikio yanakimbia. Akirudisha masikio, shavu la kushoto linakuwa la kinyozi na la kulia linakuwa la muadhini, nao hawajawahi kupatana. Mara nne alitazama brashi zake akaanza kusikia harufu ya dagaa.

Yalibaki macho. Hayo hakumwita mtu. "Macho yake yanatazamaje, mama?"

Bi Nasma akafumba ya kwake. "Kama mtu aliyeletewa chai kabla hajaiomba."

Hapo mkono wa Luqmani ukatulia. Akachanganya kahawia na njano kidogo, akavuta kope, kisha akatia nukta nyeupe ndani ya mboni, ndogo kama punje ya ufuta. Na ile sura, iliyokuwa soko zima la watu mchana kutwa, ikawa mtu mmoja, akawatazama.

Bi Nasma aliinuka taratibu. Akavuta kanga akajitanda vizuri kichwani, kama mtu aliyejiwa na mgeni.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu huyu."

Luqmani akakaa juu ya debe la rangi bila kuangalia kama limefunikwa. Halikufunikwa, wala hakujali. Leticia alilia waziwazi, na muuza kahawa akajishika pua yake kwa fahari. Dagaa wa shemeji watajianika wenyewe.

Bi Nasma aliishika picha kwa kingo, rangi isimguse, akaelekea mlangoni. Luqmani akainuka kumfungulia, makalio yamelowa rangi ya samawati. Alitaka kujua ni mapenzi ya namna gani yanayoitunza sura ya mtu hivi, unywele kwa unywele, bila hata picha moja.

"Nilikuuliza tangu asubuhi, mama, hukunijibu. Mmeishi naye miaka mingapi?"

"Nimeishi naye wapi, mwanangu?" akasema Bi Nasma. "Mshenga kila siku ananiuliza nataka mume wa namna gani. Nampelekea hii, akamtafute."